Mnada wa Kidijitali Umefika Ruangwa, Sasa Ufike Hadi Chinongwe

Na Mwandishi Wetu

Kwa mkulima wa kata ya Chinongwe, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, mwaka una masoko matatu. La kwanza ni la ufuta, linaloanza mvua zinapokwisha, mwishoni mwa Mei au mwezi Juni. La pili ni la mbaazi, kuanzia Agosti. La tatu ni la korosho, linalofunguliwa Oktoba, na hilo ndilo huamua iwapo watoto watarudi shuleni Januari wakiwa na sare mpya au zile za mwaka uliopita zilizotiwa viraka. Sehemu kubwa ya mazao haya hailiwi hapa yanapolimwa. Korosho ghafi husafirishwa India na Vietnam, mbaazi hutegemea walaji wa India, na mnunuzi mkubwa wa ufuta ni China. Kwa hiyo bei ya gunia linalojazwa chini ya mkorosho wa Chinongwe huanza kupangwa mbali sana, na watu wasioijua Chinongwe wala njia ya kufika huko.

Umbali huo ndio ambao teknolojia ya intaneti imeitwa kuufupisha. Katika misimu ya karibuni, Serikali ya Awamu ya Sita inayoongozwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, imehamishia mauzo ya mazao hayo kwenye mnada wa kielektroniki unaoendeshwa na Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), kwa kushirikiana na Tume ya Maendeleo ya Ushirika Tanzania, Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala na, kwa upande wa korosho, Bodi ya Korosho Tanzania. Katika wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, muuzaji ni chama kikuu cha ushirika kiitwacho RUNALI, jina lililoundwa kwa herufi za mwanzo za wilaya hizo tatu.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuueleza. Mkulima hupeleka mazao kwenye chama chake cha msingi cha ushirika wa mazao (AMCOS), ambako hupimwa na kuandikiwa stakabadhi. Kutoka hapo mazao husafirishwa hadi ghala kuu, yakaungana na ya vyama vingine na kutangazwa kwa wanunuzi kwa uzito na daraja lake. Siku ya mnada wanunuzi huweka bei zao kwa kompyuta wakiwa popote walipo, iwe Mtwara, Dar es Salaam au ng'ambo. Wakulima hukusanyika katika kijiji kilichopangiwa mnada, wakaona bei zikijitokeza kwenye kioo, kisha wakaulizwa: mnauza au hamuuzi? Jibu ni lao.

Kabla ya hapo kulikuwa na sanduku. Mnunuzi aliandika bei kwenye karatasi, akaitumbukiza, na sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima. Utaratibu ule ulikuwa na uwazi wake, na si haki kuubeza, kwa kuwa mkulima aliona kwa macho yake karatasi ikifunguliwa. Lakini ulimtaka mnunuzi afike au atume wakala. Wanunuzi wanaoweza kufika ni wachache, na wachache huzoeana, na waliozoeana si wagumu kukubaliana bei kabla hawajashuka kwenye gari. Mnada wa mtandaoni unampa nafasi hata mnunuzi ambaye hajawahi kukanyaga Lindi, wala yule aliyekwishafika hajui ni nani mwingine anayeweka bei upande wa pili. Hilo, kwa maoni ya makala haya, ndilo jambo kubwa zaidi ambalo intaneti imelifanya kwa mkulima wa kusini. Haikutosha kumwambia bei ni ngapi. Iliongeza idadi ya watu wanaoitaka korosho yake kwa wakati mmoja.

Matokeo yalionekana kwenye korosho msimu wa 2024/2025. Minada ilipofunguliwa Oktoba 2024, bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na uzalishaji wa msimu huo kitaifa ukapita tani 500,000, kutoka takriban tani 300,000 za msimu uliotangulia. Zipo sababu nyingi nyuma ya takwimu hizo, zikiwemo pembejeo za ruzuku na hali ya soko la dunia, na itakuwa kuijazia sifa isiyo yake kudai kwamba kompyuta ndiyo iliyopandisha bei. Bei ya dunia ikishuka, kioo cha mnada kitaonesha bei iliyoshuka. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba bei iliyokuwepo ilionekana, na ikaonekana na wote kwa dakika ileile.

Swali linalostahili kuulizwa sasa ni jingine. Ni kiasi gani cha korosho, ufuta na mbaazi ya Chinongwe hufika kwenye mnada huo ikiwa bado mali ya mkulima aliyeilima?

Historia ya eneo hili inafundisha kwamba njia ya kwenda sokoni inaweza kujengwa vizuri na bado ikampita mkulima. Nachingwea ilikuwa moja ya vituo vitatu vya mpango maarufu wa karanga wa Serikali ya kikoloni ya Uingereza, pamoja na Kongwa na Urambo. Mpango ulianza mwaka 1947. Matrekta yaliletwa, bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, na reli ikatandazwa hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umeachwa, karanga zilizovunwa hazikulipia gharama hata kidogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Njia ya kwenda sokoni ilikuwepo. Kilichokosekana ni mzigo, kwa sababu waliopanga hawakuanzia kwa mtu aliyeijua ardhi ile na mvua zake.

Korosho ilikuwa kinyume chake. Hiyo ilipandwa na wakulima wadogo wenyewe, na kufikia msimu wa 1973/1974 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000. Kisha mambo kadhaa yakaandamana: watu walihamia vijiji vipya na kuiacha mikorosho yao mbali, vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976 na nafasi yao ikachukuliwa na mamlaka za mazao, bei kwa mkulima ikadumaa, na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Katikati ya miaka ya 1980 makusanyo yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Mkulima hakuandamana wala kuandika barua. Aliacha tu kupalilia.

Mfumo wa stakabadhi za ghala, uliotungiwa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, ulikuja kurudisha imani hiyo. Katika miaka yake ya mwanzo AMCOS zilikopa benki ili kumlipa mkulima malipo ya kwanza mara anapofikisha mzigo, na baada ya mauzo akalipwa ya pili. Ulikuwa mpango mzuri kwenye karatasi, lakini ulikuwa na kasoro moja: malipo ya kwanza yalikadiriwa kwa bei ambayo soko halikuwa limeikubali. Soko lilipoanguka, malipo ya pili yalipungua, na hasira ikawaangukia viongozi wa vyama. Wakazi wa Liwale wanakumbuka vurugu za Aprili 2013 zilizotokana na malipo ya aina hiyo. Baadaye mikopo hiyo iliondolewa na mkulima akawa analipwa mara moja, baada ya mnada.

Mabadiliko hayo yaliondoa mgogoro mmoja na kuacha pengo jingine, na pengo hilo ndilo kiini cha hoja hii. Kati ya siku korosho inapookotwa na siku fedha zinapoingia kwenye akaunti, mkulima hana kitu mkononi. Kabla ya hapo, kuanzia Januari hadi Aprili, wakati chakula cha mwaka uliopita kimekwisha na cha mwaka mpya bado kiko shambani, ana kitu kidogo zaidi. Anayeziba pengo hilo ni mtu wa kangomba.

Kangomba haihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Lindi au Mtwara. Kwa wengine, ni biashara ambayo mtu mwenye fedha humkopesha mkulima wakati wa shida kwa makubaliano ya kulipwa korosho wakati wa mavuno, kwa bei iliyopangwa siku ya shida na si siku ya mavuno. Au hununua kichochoroni, kwa kipimo kisicho mizani, kabla mzigo haujafika AMCOS. Biashara hiyo imepigwa marufuku na viongozi wamekuwa wakiikemea kila msimu. Bado ipo, kwa sababu inatoa kitu ambacho mfumo rasmi hautoi: fedha leo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mkulima anakopa shilingi 100,000 mwezi Februari, kwa makubaliano ya kulipa korosho kwa shilingi 1,000 kwa kilo. Novemba anatoa kilo 100. Kwa bei ya shilingi 4,000 mnadani, kilo hizo zina thamani ya shilingi 400,000. Mkopo wa miezi tisa umemgharimu shilingi 300,000 juu ya alichokopa. Mnada wa kidijitali umefanya kazi yake vizuri kabisa, bei nzuri imepatikana, na shilingi zilizoongezeka zimeingia kwa mkopeshaji aliyepeleka korosho hiyo AMCOS kwa jina la mtu mwingine. Ndiyo kusema kadiri bei ya mnada inavyopanda, ndivyo kangomba inavyozidi kulipa. Jambo hili husahaulika tunaposherehekea bei za mnada wa kwanza.

Uzoefu wa nchi nyingine unaelekeza hukohuko. Utafiti unaotajwa sana kuhusu simu na masoko ni wa mchumi Robert Jensen, uliochapishwa mwaka 2007, kuhusu wavuvi wa dagaa wa jimbo la Kerala nchini India. Simu za mkononi zilipofika pwani hiyo, wavuvi walianza kupiga simu wakiwa baharini kuuliza soko lipi lina wanunuzi. Faida yao ilipanda kwa takriban asilimia 8, bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4, na samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi wakaisha. Habari hii ilisambaa duniani kote kama ushahidi kwamba taarifa pekee inatosha. Miaka mitano baadaye, Marcel Fafchamps na Bart Minten walichapisha utafiti mwingine kutoka India hiyohiyo, jimbo la Maharashtra, ambako wakulima walipewa huduma ya kutumiwa bei za masoko kwa ujumbe mfupi wa simu. Bei waliyouzia haikuwa na tofauti ya maana na ya wenzao wasiopata ujumbe.

Tofauti iko wapi? Mvuvi wa Kerala alikuwa na chombo. Akisikia pwani ya pili kuna bei nzuri, anageuza usukani, na samaki ni wake mpaka atakapotia nanga. Mkulima aliyekwisha kuifunga korosho yake kwa deni la Februari, au asiye na usafiri zaidi ya pikipiki ya kukodi, akitumiwa bei ya Mtwara kwa simu atakuwa amejulishwa tu anachokikosa.

Hata hivyo, nguvu ya kukataa bei ikiwepo, huonekana. Oktoba 2018 wakulima wa Mtwara na Lindi waligoma kuuza kwa bei zilizotolewa mnadani, zilizokuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, wakati msimu uliotangulia walikuwa wameona bei zinazovuka 4,000. Novemba mwaka huo Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, alitangaza kwamba Serikali ingenunua korosho yote kwa shilingi 3,300. Uamuzi ule una mjadala wake na makala haya hayataufungua. Ifaayo kukumbukwa ni kwamba waliogoma walikuwa na korosho ghalani, kwa majina yao. Aliyekwisha kuuza kwa kangomba hakuwa na cha kugomea.

Ufuta una tatizo la namna yake, nalo ni la ubora. Mnunuzi anayeweka bei akiwa mbali haoni mzigo; anasoma maelezo. Kama maelezo yanasema ufuta ni safi na mkavu, lakini akifungua gunia anakuta mchanga na mabua, msimu ujao ataweka bei ya chini kwa mzigo wote wa eneo hilo, uchafu ukiwa umekwishakatwa kichwani mwake. Anayeumia si aliyechanganya mchanga peke yake. Mama aliyepepeta ufuta wake juu ya turubai kwa siku mbili hulipwa sawa na aliyeuanika chini kwenye udongo, kwa sababu mizigo yao ilikutana ghalani na kuwa mzigo mmoja. Akilipwa hivyo misimu miwili, wa tatu hatapepeta tena. Mnada wa mtandaoni, tofauti na soko la ana kwa ana, hujengwa juu ya kuaminika kwa maneno yaliyoandikwa, na kwa hiyo kipimo cha unyevu na uchafu pale AMCOS kina uzito uleule wa kompyuta ya mnada. Mizani ya kidijitali imeanza kuingia katika vyama vya msingi na imepunguza manung'uniko ya uzito. Vipimo vya ubora havina budi kuifuata, na matokeo yake yaandikwe kwenye stakabadhi ya kila mkulima, ili aliyepepeta alipwe kwa kupepeta kwake.

Kwenye mbaazi, hasara kubwa zaidi ilitokea kabla hata ya mbegu kuota. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi kutoka nje. Wakulima wa Tanzania walikuwa wamekwisha kupanda miezi mingi kabla, wakitegemea bei nzuri za miaka iliyopita, na mavuno yao yakakutana na mlango uliofungwa. Bei ilianguka vibaya; wapo walioiacha mbaazi shambani. Mwaka 2021 India ilifungua tena uingizaji huo, na mbaazi ikarudi kuwa zao la kutegemewa. Lakini dalili za kikomo cha 2017 zilikuwepo kabla ya Agosti. Mavuno ya India yalikuwa makubwa mno msimu ule, na bei za ndani ya nchi hiyo zilikuwa zinashuka kwa miezi. Taarifa hizo zilikuwa wazi kwenye intaneti kwa yeyote aliyejua pa kuzitafuta. Hakukuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuzitafuta kwa niaba ya mkulima wa mbaazi na kumpelekea kijijini kwa lugha anayoielewa.

Nchi yetu iliwahi kuwa na jibu la swali hilo. Mwaka 2005, chini ya programu ya kuendeleza mifumo ya masoko ya mazao iliyosimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, ulianza mradi uitwao First Mile, yaani maili ya kwanza, kwa ushirikiano na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD) na msaada wa Serikali ya Uswisi. Vikundi vya wakulima na wafanyabiashara wadogo vilichagua watu wao wa kwenda masokoni kuchunguza bei, viwango vinavyotakiwa na majina ya wanunuzi, na kurudisha habari kijijini kwa simu. Waliitwa mashushushu. Jina ni la utani lakini kazi ilikuwa ya dhati. Shushushu hakuleta bei tupu. Alieleza kwa nini mnunuzi wa mjini amekataa mahindi ya kundi fulani, na ni lini soko litajaa mzigo kutoka mikoa mingine. Wilaya zilizoshiriki zilibadilishana uzoefu kwa barua pepe na tovuti, wakati ambao intaneti vijijini ilikuwa hadithi.

Leo vyombo vipo kuliko wakati ule. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 ya mawasiliano katika kata 713, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Wizara ya Kilimo ina mfumo wa M-Kilimo unaofikiwa kwa kubonyeza *152*00#, hata kwa kitochi kisicho na intaneti, na unaomkutanisha mkulima, afisa ugani na mnunuzi. Mfumo wa ruzuku ya mbolea ulioanza mwaka 2022 umewazoesha wakulima wengi kusajiliwa na kupokea namba zao kwa simu. Kwa maneno mengine, bomba limefika kijijini. Kinachopita ndani yake kwa sasa ni matangazo ya tarehe za minada na bei zilizopatikana jana. Habari ya jana ina faida ndogo kwa mtu anayeamua leo apande ekari ngapi za mbaazi.

Inawezekana kuitumia njia hiyohiyo kwa uzito zaidi, na bila gharama ya kutisha. Kila Novemba, kabla ya mvua za kupandia, Wizara ya Kilimo, bodi za mazao na ofisi zetu za ubalozi katika nchi zinazonunua zinaweza kutoa tamko fupi la hali ya soko kwa kila zao: mavuno ya nchi mnunuzi yanaendaje, sera yake ya kodi imebadilika au la, na akiba iliyopo ghalani ni kubwa au ndogo. Tamko hilo lipite kwa afisa ugani wa kata na meneja wa AMCOS, wasomewe wananchi kwenye mkutano wa kijiji, na mwenye swali aulize. Ujumbe wa simu hauna pa kuuliziwa swali. Ndiyo maana shushushu alikuwa mtu, si mashine.

Jambo jingine hupita kimya kimya katika mijadala ya mifumo hii, nalo ni jina lililoandikwa. Malipo huingia kwenye akaunti au simu ya aliyesajiliwa. Katika kaya nyingi aliyesajiliwa ni baba, na simu ya kaya ni yake, huku ufuta ukiwa umepaliliwa, umekatwa na umepepetwa na mama. Zamani fedha zikilipwa taslimu dirishani, mke alijua siku ya malipo kwa sababu foleni ilionekana kijiji kizima. Ujumbe wa benki hausikiki chumba cha pili. Hii si hoja ya kurudi kwenye fedha taslimu, ambazo zilikuwa na wezi wake na makarani wake wenye mikono mirefu. Ni hoja ya kuruhusu mashamba ya kaya moja yasajiliwe kwa majina zaidi ya moja, na kuhimiza hilo wakati wa kuhuisha daftari la wakulima badala ya kusubiri migogoro ifike ofisi ya ustawi wa jamii.

Makato nayo yawekwe wazi kwa njia hiyohiyo. Kati ya bei ya mnada na fedha inayofika kwa mkulima kuna ushuru wa halmashauri, ambao kwa mazao ya biashara ni asilimia 3, na kuna tozo za chama cha msingi, chama kikuu, usafirishaji na ghala. Kila tozo ina maelezo yake na nyingi ni za haki. Lakini mkulima aliyeona bei moja kwenye kioo na akapokea pungufu bila mchanganuo huona ameibiwa, hata pale ambapo hakuibiwa, na mtu wa kangomba hutumia hisia hiyo kama tangazo lake la biashara. Mfumo unaoweza kupokea bei kutoka ng'ambo kwa sekunde chache hauwezi kushindwa kumtumia mkulima ujumbe wa mistari mitano: kilo zako, daraja lako, bei ya mnada, makato kwa majina yake, na kiasi kilichotumwa.

Linabaki pengo la fedha, ambalo ni gumu kuliko yote. Stakabadhi ya ghala, kwa mujibu wa sheria, inaweza kuwekwa rehani kwa mkopo. Kosa la miaka ya mwanzo lilikuwa kukopesha chama kizima kwa bei ya kukisia. Taarifa zilizopo sasa zinaruhusu jambo dogo na salama zaidi. Mkulima mmoja mwenye stakabadhi ya kielektroniki, ambaye historia yake ya mauzo ya misimu kadhaa ipo kwenye mfumo, anaweza kupewa sehemu ndogo ya thamani ya mzigo wake siku anapoufikisha, na sehemu hiyo ikakatwa mnada unapolipwa. Kwa historia hiyohiyo, benki au chama cha akiba na mikopo kinaweza kupima mkopo mdogo wa Februari, wa chakula na palizi, kwa riba inayojulikana. Benki zitauliza maswali, na zina haki: itakuwaje mkorosho ukipata ubwiriunga, au mkulima akipeleka mzigo kwa jina la shemeji yake? Majibu ya maswali hayo yanahitaji bima ya mazao na daftari safi la wakulima, na vyote viwili ni kazi ya ofisini, isiyo na ngoma wala picha za uzinduzi.

Daftari hilo ndilo la kuanzia. Katika Chinongwe, kama ilivyo Mbekenyera, Mnacho na kata nyingine za Ruangwa na Nachingwea, kazi ya kuhakiki majina, mashamba na namba za simu ikikamilika kabla ya mwisho wa Desemba, taasisi za fedha zitakuwa na kitu cha kusoma ifikapo Januari. Ikisukumwa hadi Machi, mikataba ya kangomba ya msimu ujao itakuwa imekwishaandikwa.